Ukurasa wa Ufundi: Motokari Ikilia, Inasema Nini?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mnyororo wa baiskeli. Leo tunapanda ngazi, tunaingia kwenye gari, lile ambalo magurudumu yote manne yanaweza kuvuta, ambalo huku kwetu watu wanaliita Land Cruiser hata likiwa la jina lingine.

Tunajua wengine wataguna: walimu, hatuna hata pikipiki, mnatufundisha gari la nini? Swali ni zuri. Gari hatuna, lakini tunalipanda. Mama anayeshikwa na uchungu usiku anapanda gari. Mtoto mwenye malaria kali anayepelekwa hospitali ya St. Paul's kule Kashikishi anapanda gari. Toka Mantapala ilipofunguliwa mwezi wa kwanza mwaka 2018, na wengi wetu tukatolewa Kenani kuja huku msituni, maisha yetu yamepita juu ya hizo njia za udongo, kiangazi vumbi, masika tope. Na abiria wa nyuma ana bahati moja ambayo dereva hana. Amekaa karibu na ekseli, anasikia kila kitu. Dereva yuko mbele na injini, redio na simu.

Mama mmoja alitueleza habari hii, na gari la nani hatutaji. Walikodi gari watu saba, na katikati yao mtoto mgonjwa amelazwa kwenye mapaja. Toka mwanzo wa safari nyuma kushoto kulikuwa na sauti, ko-ko-ko, mwendo ukiwa mdogo. Gari likikimbia sauti inapotea, likipunguza inarudi. Abiria wakatazamana. Hakuna aliyefungua mdomo. Mbele kidogo gurudumu likachomoka, gari likakaa chini kwa ubavu. Kwa neema ya Mungu mwendo ulikuwa mdogo, hakuna aliyekufa, lakini mtoto alikaa kando ya njia zaidi ya saa mbili mpaka msaada ukafika. Tulimuuliza mama, kwa nini hamkusema? Akajibu: "Walimu, tungesema nini? Gari si letu, na sauti yenyewe hatujui jina lake."

Basi ukurasa wa leo ni kwa ajili ya jibu hilo. Jina la sauti si lazima. Fundi mzuri hakuulizi jina, anakuuliza maswali manne: inalia wakati gani, upande gani, mwendo gani, na nini kinaifanya ibadilike. Mtu ambaye hajashika spana maisha yake yote anaweza kuyajibu.

Haya tumeyapata kwa mzee mmoja jirani yetu aliyetengeneza malori miaka mingi upande wa Pweto, na kwa vitabu tulivyosoma sisi wenyewe. Mzee ana sheria moja ambayo ilituchekesha: kwanza toa mizigo. Nusu ya sauti za ajabu, anasema, ni jeki iliyolegea chini ya kiti, dumu tupu linalobiringika, au mfuniko wa sufuria ya mama fulani. Kabla ya kufungua gari la watu, funga jeki vizuri, kandamiza mizigo, halafu sikiliza tena.

Kama bado inalia, simamisha gari, injini iendelee kuwaka. Sauti ipo? Basi inatoka kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo, au kwenye bomba la moshi lililolegea. Haipo? Basi iko chini, kwenye magurudumu, ekseli, springi, breki. Kwa swali hilo moja umeshagawa gari mara mbili. Kisha, gari likiwa kwenye mwendo mahali pa tambarare na pasipo watu, dereva anaweza kuweka gia huru kwa sekunde chache. Injini inashuka, lakini magurudumu yanaendelea kwa kasi ileile. Sauti ikishuka pamoja na injini, ni ya injini. Ikibaki vilevile, inafuata magurudumu. Kwenye mteremko jambo hilo msijaribu hata siku moja, maana injini ndiyo inayosaidia breki.

Sasa tukae kidogo kwenye magurudumu, maana hapo ndipo njia yetu inaua magari.

Ndani ya kitovu cha gurudumu kuna beringi. Kule nyumbani tunaiita rulema. Ni vyuma vidogo vya mviringo vinavyobingirika ndani ya grisi ili gurudumu lizunguke bila kusuguana na ekseli. Gari likipita kwenye maji mengi, maji yakiingia kwa sababu sili imechoka, grisi inaharibika, kutu inaanza, na vile vyuma vinapata mikwaruzo. Sauti yake ni mngurumo, mzee anasema ni kama ndege ya mbali ambayo haifiki. Inaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Na inabadilika kwenye kona. Hapo ndipo ujanja ulipo.

Kumbukeni mnavyokaa kwenye benchi za nyuma. Gari likikata kushoto, wote mnaegemea kulia, na aliye mwisho wa benchi anabanwa. Gari nalo linaegemea hivyohivyo, uzito unakwenda upande wa nje wa kona. Kwa hiyo mngurumo ukizidi wakati wa kukata kushoto, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Ukizidi wakati wa kukata kulia, angalia kushoto. Wazazi mlioendesha kule Kongo, angalieni msijichanganye, kwa sababu kule tunapita kulia na usukani uko kushoto, hapa Zambia ni kinyume. Ukimwambia fundi "upande wa dereva" anaweza kufungua gurudumu ambalo si lenyewe. Sema kushoto au kulia, ukiwa umetazama mbele.

Uthibitisho wake ni rahisi. Mwisho wa safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, usiguse haraka, unaweza kuungua. Moja likiwa na joto kuliko mengine, kuna kitu, ama beringi ama breki inayong'ang'ania. Halafu fundi atapiga jeki, atashika gurudumu juu na chini, atalitikisa. Likicheza, limejisema lenyewe. Kwenye Land Cruiser nyingi za kazi beringi za mbele zinaweza kufunguliwa, kuoshwa, kupakwa grisi mpya na kukazwa tena kwa kipimo. Ikiwahiwa ni kazi ya grisi tu. Ikichelewa ni kununua kitovu kizima, na hapo makwacha yanaongea.

Sauti ya yule mama, ko-ko-ko ya mwendo mdogo, mara nyingi ni nati za gurudumu zimelegea. Tairi limebadilishwa njiani, nati zimekazwa haraka, hakuna aliyerudi kuzikaza tena. Kawaida nzuri ni kusimama baada ya kilomita 50 mpaka 100 na kuzikaza mara ya pili, maana rangi, vumbi na kutu kati ya rimu na kitovu vikikandamizwa nati inapata nafasi. Ukifika Kashikishi, kaza tena. Dalili nyingine mnaweza kuiona kwa macho, michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kama machozi. Sauti hii haingoji kufika. Gari lisimame palepale.

Tena kuna sauti ya kutisha ambayo si kitu. Gari linaanza kupiga kelele kali ya chuma, kriiii, mpaka watoto wanaziba masikio. Dereva anaona breki zimekufa. Kumbe kajiwe kadogo kamerushwa na tairi, kakaingia kati ya sahani ya breki na bati jembamba linaloikinga. Wakati mwingine kurudi nyuma hatua chache kunakatoa kenyewe. Wakati mwingine ni kulikunja lile bati kidogo kwa bisibisi. Mzee anasema wapo mafundi wanaotoza pesa ya breki mpya kwa kajiwe kama haka, na kwa hilo hatuwezi kunyamaza: kabla ya kulipa, omba kuona kilichotolewa.

Lakini breki ikipiga mlio mwembamba kila unapokanyaga, hiyo ni nyingine. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi, ili pedi ikiisha kiguse sahani na kulia. Ni tangazo. Ukilipuuza, mlio unageuka mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma, na pedali inaanza kwenda chini. Hapo safari imekwisha, haijalishi ni nani anangojewa.

Tuje kwenye kardani, ambayo wengine wanaiita propela. Ni ile nguzo ndefu inayozunguka chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Kwenye ncha zake kuna misalaba midogo ya chuma inayohitaji grisi. Ikikauka, gari likianza kutembea polepole utasikia kama ndege mdogo, cwi, cwi, cwi, na mlio unaharakisha kadiri gari linavyoharakisha. Baadaye mlio wa ndege unaisha na unakuja mgongo mmoja mzito, kong!, kila dereva anapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, au anapoachia krachi. Hapo msalaba umeshalika. Dawa ya mwanzo ni pampu ya grisi na dakika kumi chini ya gari, hasa baada ya kupita kwenye maji. Dawa ya mwisho ni kardani kudondoka njiani. Sisi tunapenda ya mwanzo.

Magurudumu ya mbele ya gari la aina hii yana siri yake. Kila upande kuna jointi inayoruhusu gurudumu kuvuta huku limekatwa kona. Jointi ikichakaa inalia tak-tak-tak pale usukani unapokatwa mpaka mwisho huku gari linavuta. Sasa angalieni vitovu vya mbele. Land Cruiser nyingi za kazi zina kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, ekseli ya mbele haiunganishwi na gurudumu, kwa hiyo jointi haina kazi. Kama tak-tak inasikika kwenye LOCK na inanyamaza kwenye FREE, umeshampata mwenyewe bila kufungua hata nati moja. Vijana, hili tumelipenda sana, maana ni hesabu ya kutoa: ondoa kitu kimoja, ona kilichobaki.

Na hapa kuna sauti ambayo ni kosa la njia, si la gari. Dereva ametoka kwenye tope, ameingia lami ya kwenda Mansa, na amesahau kutoa uvutaji wa mbele. Akikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope yanateleza kidogo na kusawazisha. Kwenye lami kavu hayatelezi, na kwenye magari haya hakuna kifaa cha kusawazisha kati ya mbele na nyuma, basi vyuma vinajinyonga. Usukani unakuwa mzito, gari linaruka kidogo kidogo, na chini kunapiga ko! kama kitu kimevunjika. Hakijavunjika bado. Arudi nyuma moja kwa moja kidogo, atoe uvutaji wa mbele, aendelee. Akifanya hivyo kila siku kitavunjika kweli.

Difu, kule kwetu ponti, inalia kama mtu anayeimba kwa pua. Ikiimba dereva anapokanyaga mafuta na kubadilisha sauti anapoachia, gia za ndani zimechoka au oili imepungua. Fundi atafungua kizibo na kutazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, isiongezewe.

Springi za bapa hatutazungumza sana. Zinalia kama kitanda cha zamani, na wengi wenu mnazijua. Ikiwa gari linainama upande mmoja likiwa tupu, huenda bapa moja limekatika, tazama tu kwa macho. Mgongo wa mara moja kwenye kila shimo mara nyingi ni mpira wa shokapu uliokwisha.

Kwenye injini, mkanda wa feni unapiga kelele asubuhi yenye unyevu, halafu unanyamaza ukipata joto. Ukazwe au ubadilishwe. Usukani ukilia ng'ooo unapokatwa mpaka mwisho, angalia oili ya usukani. Mlio mwepesi wa tik-tik juu ya injini, angalia oili ya injini kabla ya jambo lolote. Lakini mgongo mzito wa ndani, dug-dug-dug, pamoja na taa nyekundu ya oili, huo ni wa kuzima injini palepale. Sio kufika kijiji kinachofuata. Palepale.

Na sasa jambo ambalo lilitushangaza sisi wenyewe. Moja ya hatari kubwa kwenye injini ya dizeli yenye silinda sita na lita 4.2, ile inayoitwa 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo imebeba Land Cruiser nyingi za Afrika, mara nyingi hailii kabisa. Ndani yake kuna mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha mzunguko wa chini na wa juu. Unachoka kimya. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini inaharibika. Ndiyo maana mwenye kiwanda aliweka taa ya T-BELT inayowaka kilomita zikifika kama 100,000, kusema wakati umefika. Mafundi wengine wanaizima hiyo taa bila kubadilisha mkanda, na mwenye gari anafurahi. Kwa hiyo mnaotafuta kazi ya udereva, ulizeni: mkanda ulibadilishwa lini, na imeandikwa wapi?

Vijana wetu waliojifunza ufundi Kongo wana tatizo lingine, nalo ni maneno. Mikono inajua lakini mdomo unafungwa. Ukienda gereji ya Nchelenge ukasema rulema, amotisere, freni, ponti, watakutazama tu. Hapa ni beringi, shoko, breki, difu, na katikati ni Kibemba. Tumeona kijana anayeweza kushusha gia boksi peke yake anapewa kazi ya kuosha magari kwa sababu hiyo. Andika kwenye daftari, upande mmoja neno la kwetu, upande mwingine neno la hapa, na kila siku ongeza matano. Wanaotaka cheti wajue kwamba mafunzo ya ufundi Zambia yako chini ya TEVETA, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mitihani yake ni kwa Kiingereza. Daftari hilo litasaidia huko pia.

Turudi kwa abiria. Namna ya kusema ina uzito wake. Ukisema "baba, gari yako imekufa hii," dereva atakasirika, na ana haki. Sema: "Baba dereva, samahani, huku nyuma kushoto kuna kitu kinagonga tukienda polepole, tukikimbia kinanyamaza." Umempa upande, umempa mwendo, umempa kinachobadilika, na hukumtukana. Dereva mwenye akili atasimama. Asiposimama, mama mwenye mtoto na arudie kwa sauti kubwa zaidi, na wengine wamuunge mkono. Aliyepewa lifti ana shingo moja sawasawa na mwenye gari.

Swali moja lilitufikia mapema: sauti ikipotea yenyewe, gari limepona? Inategemea. Kama ilikuwa tope lililokauka ndani ya rimu na kufanya gurudumu litetemeke, likidondoka gari limepona kweli. Kajiwe vilevile. Lakini mlio wa pedi ukinyamaza huenda kibati chake kimekatika, na ndege wa kardani akinyamaza huenda anajiandaa kugonga. Mwambieni dereva hata kama imenyamaza, mtajeni na siku ilipoanza.

Maswali mengine yaandikwe kwenye karatasi, apewe mwalimu yeyote wa kujitolea kabla ya tarehe 20. Mwezi ujao tutafungua pampu ya maji ya mkono, ile inayopiga kelele lakini haitoi kitu.